Bomba Limezinduliwa, Likiharibika Nani Analipa?



Likizo iliyopita nilikuwa kijijini kwa bibi. Kituo cha maji kipo, kina hadi jiwe la uzinduzi lenye jina la mheshimiwa. Maji hakuna. Pampu imekufa, na ukiuliza unaambiwa kamati haina hela. Bibi na wenzake wamerudi korongoni, wanachota walipokunywa ng'ombe.

Sisi tumezoea kusema hapo kuna mtu kala. Inawezekana, na hesabu lazima tuzidai. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeacha tatizo lenyewe, kwa sababu hata kamati ya malaika mpango huu ungeishinda.

Sera ya Maji ya 2002 iliweka kiwango kizuri tu kwa vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Sera hiyohiyo ikasema wanavijiji wabebe gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Ikaja Sheria ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, na kazi ya kuendesha miradi na kukusanya ada ikabaki kwa vyombo vya watumia maji vya jamii.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Familia ya watu sita, kwa kiwango cha sera, inahitaji lita 150 kwa siku. Hizo ni ndoo saba na nusu, yaani shilingi 375 kwa siku, shilingi 11,250 kwa mwezi. Mkulima anayeshika hela akishavuna ataitoa wapi kila mwezi? Ndiyo maana mama ananunua ndoo mbili za kunywa na kupikia, ya kufulia anayafuata korongoni. Masika yakiingia hanunui kabisa, na mapato ya kamati yanakauka. Kiangazi wote wanarudi bombani, pampu inasukuma kutwa nzima, inaharibika wakati mfuko ni mtupu. Na ikishasimama, hakuna maji ya kuuza ili ipatikane hela ya kuitengeneza. Anayelipia ni binti anayechelewa shule akitafuta maji.

Hivi, hela kweli hakuna? Tangu bajeti ya 2015/16, shilingi 50 za kila lita ya petroli na dizeli zilielekezwa Mfuko wa Maji. Bodaboda akiweka lita mbili, kishachangia shilingi mia. Mtu huyohuyo akirudi nyumbani anaambiwa pampu ni jukumu la wananchi. Kwa nini alipe mara mbili, halafu bado anywe maji ya korongo?

Msimamo wangu ni huu. Ada ya ndoo ibaki kwa matumizi ya kila siku: mlinzi, koki, umeme au dizeli. Pampu ikifa, au kisima kikihitaji kuchimbwa upya, ilipe Serikali, kwa fungu linaloonekana wazi kwenye bajeti. Na wanaochota, yaani akina mama, wawe kwenye kamati wakiwa na sauti kwenye daftari la hela, siyo kuitwa tu kufagia kituo siku mgeni anakuja.

Najua tutaambiwa maji ya bure yalishashindikana. Sawa, mimi sijaomba ya bure. Bibi yuko tayari kutoa hamsini yake. Anachokataa ni kubebeshwa mtambo mzima.

Kwa hiyo kamanda, ukirudi nyumbani likizo hii, usiishie kupiga picha bomba kavu na kuirusha mtandaoni. Nenda mkutano mkuu wa kijiji. Ukiwa mkazi na umefika miaka 18, wewe ni mjumbe halali, huhitaji kadi ya chama chochote. Kama unaishi kwingine, mwandae mama au kaka yako. Ulizeni maswali mawili: tangu mradi uzinduliwe zimekusanywa shilingi ngapi, na pampu ikifa leo, barua ya kuomba matengenezo inaandikwa kwa nani? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Kama hayapo, hilo nalo liandikwe.