Picha Izeeshwe, Tarehe Isifichwe

Umezuka mtindo miongoni mwa wanafunzi wetu wa Kericho na Bomet ambao walimu hatuna budi kuutazama kwa makini. Warejeapo kutoka ziara ya masomo pwani, picha za magofu ya Gedi walizopiga juzi huwa tayari zimepakwa rangi ya hudhurungi kwa programu za simu, pembe zikafifishwa na mikwaruzo ya kubuni ikaongezwa juu yake. Mashamba ya chai nayo hupigwa asubuhi ya ukungu na kufanyiwa vivyo hivyo. Nimeziona picha hizo zikisambazwa kwa maelezo ya maneno mawili tu, “enzi zile”, kana kwamba mpigapicha alikuwa babu yake mwanafunzi.

Sina ugomvi na uzuri wake. Kwa hakika, mwanafunzi anayengoja siku ya ukungu ana jicho la msanii. Mabamba ya vioo waliyotumia wapigapicha wengi wa karne ya 19 yaliihisi zaidi nuru ya buluu na zambarau, na nyekundu yaliiona kama giza. Kwa kuwa utando mwembamba wa hewani hutawanya zaidi nuru ya buluu, vitu vya mbali vilimezwa na weupe, na mbingu ikatoka tupu kama karatasi. Leo pia, siku ya ukungu, vivuli hulainika, rangi hufifia na miti ya nyuma hutoweka. Maumbile yenyewe yamekwisha kufanya nusu ya kazi ya kuzeesha. Hudhurungi ya simu humalizia tu.

Lakini hudhurungi hiyo ina asili yake, na asili hiyo ina funzo. Wapigapicha wa zamani waliitia picha katika dawa yenye salfa, ambayo iliigeuza fedha iliyomo kwenye karatasi kuwa salfidi ya fedha. Walipenda rangi yake, naam, lakini pia walijua kwamba picha ya namna hiyo hustahimili miaka kuliko ile isiyotiwa dawa. Rangi iliyosaidia kuihifadhi kumbukumbu sasa inatumiwa kuichanganya.

Ajabu ni kwamba Gedi kwenyewe kuna somo kuhusu jambo hili. Miongoni mwa makaburi ya mji huo kuna moja lililoandikwa mwaka wake: 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Mji ulihamwa katika karne ya 17, msitu ukauvamia, na waliokuja baadaye kuuchunguza hawakukuta kitabu cha historia yake. Tarehe hiyo moja kwenye kaburi imewafaa wataalamu wanapokadiria umri wa majengo mengine. Mtu aliyeishi zaidi ya miaka 600 iliyopita, bila simu wala kamera, alijali kutuachia mwaka. Sisi, ambao simu zetu huandika tarehe na saa ndani ya kila picha bila kuombwa, tunaitupa. Programu nyingi za kutumiana ujumbe huiondoa taarifa hiyo picha inapotumwa, na rangi ya hudhurungi hufuta dalili zilizosalia.

Huenda msomaji akauliza, hasara iko wapi? Kuta za Gedi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zimezingirwa na miti. Mji huo ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Anayetaka kujua kama ufa fulani umepanuka hulinganisha picha ya mwaka huu na ya mwaka ule. Picha ya jana iliyovishwa sura ya 1920 itampoteza, na mikwaruzo ya kubuni yamkini akaidhania nyufa.

Huku kwetu milimani hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Wakipsigis wengine waliondolewa katika ardhi iliyogeuka kuwa mashamba ya chai. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwa Uingereza kuhusu dhuluma hizo. Katika madai ya namna hii, nani alikaa wapi na mwaka gani ndilo swali lenyewe. Picha za kweli za zama hizo ni chache na zina thamani. Tukizizungusha na mamia ya picha bandia zenye rangi ileile, siku moja mpinzani atasema kwamba zote ni za simu, nasi tutakuwa tumempa hoja. Isitoshe, hudhurungi hiyo huzipendezesha enzi za ukoloni, na kijana akaziona kama wakati wa utulivu na ukungu mtamu, ilhali mababu zake walikuwa wakifungasha virago.

Walimu wenzangu, kupiga marufuku hakutafaa. Tuwafundishe wanafunzi mambo matatu. Kwanza, picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, kwani akiba haiozi. Nakala ndiyo ichezewe. Pili, kila nakala iandikwe mahali, tarehe, jina la mpigapicha, na neno moja la uaminifu: “imezeeshwa”. Tatu, katika kipindi cha Historia tuweke mezani picha mbili za Gedi, moja ya kale na moja iliyozeeshwa, tuwaulize wanafunzi ipi ni ipi na wamejuaje. Watatafuta nyaya, mabomba, mavazi na kimo cha miti. Wakimaliza zoezi hilo watakuwa wameonja kazi ya mwanahistoria.

Nanyi wanafunzi, endeleeni kuvizia ukungu. Pigeni picha, zipakeni rangi mpendayo. Ila mjukuu wenu atakapoiokota picha hiyo mwaka 2090, asilazimike kubahatisha umri wake. Mwandikieni mwaka.