Shilingi Ishirini ya Mkono

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa nakalia benchi la mbele kanisani kwetu hapa Nambale, kalamu ya wino mzito mkononi, naandika ratiba ya mwezi unaokuja kwenye karatasi ya manila. Kazi hii nilipewa kwa sababu mimi ni mwalimu mstaafu na mwandiko wangu unasomeka kutoka mlangoni. Jumapili ya kwanza ni Meza ya Bwana, maana ndiyo siku anayotufikia mchungaji. Sakiti ina makanisa kadhaa, yeye ni mmoja na pikipiki yake ni moja. Jumapili ya pili huongoza akina mama, ya tatu vijana, ya nne wanaume, na wanaume wakipata udhuru, akina mama tena. Alhamisi saa tisa akina mama hukutana nyumbani kwa mmoja wao na kuchangiana. Jumamosi asubuhi ni kufagia, alasiri ni mazoezi ya kwaya, isipokuwa pakiwa na mazishi. Na Jumamosi isiyo na mazishi huku kwetu ni ya kuhesabu kwa vidole.

Halafu naandika mstari wa mwisho kwa herufi kubwa: JUMATANO JIONI, MADARASA. Mstari huo umekuwa uongo kwa miaka kadhaa sasa, na mwongo ni mimi.

Kwa asiye Mmethodisti, darasa hapa si la ubao na chaki. Kila muumini huwekwa katika kundi dogo lenye kiongozi, na kiongozi huyo, ambaye si mchungaji wala halipwi, ana jukumu la kuwajua watu wake. Langu lina watu kumi na wanne: wajane watatu, mwendesha boda, fundi cherehani, mkulima wa miwa ambaye bado anangoja malipo ya mavuno yaliyopita, mama anayeuza mitumba Busia na kulala huko siku nne kwa wiki, mume na mke wasiosemezana (msiniulize), na wengine. Mchango wa darasa ni shilingi ishirini kwa wiki. Zamani niliupokea mkononi, nikaandika daftarini. Siku hizi unatumwa kwa simu, kwenye namba ya Paybill ya kanisa, na mwisho wa mwezi mweka hazina ananiletea karatasi iliyochapishwa, majina upande mmoja, pesa upande wa pili.

Mwaka jana, msimu wa palizi, nilikuwa nikiipitia karatasi hiyo na kuridhika. Mstari uliokuwa safi kuliko yote ulikuwa wa bibi mmoja wa upande wa Tangakona. Nitamwita Kukhu tu, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu hapa Bukhayo. Ishirini, ishirini, ishirini, ishirini, hakuna wiki iliyoruka. Nikajisemea, huyu yuko sawa, wacha nihangaike na wenye mapengo.

Siku moja yule kijana wa boda akasimamisha pikipiki mbele ya lango langu. "Mwalimu, mbona Kukhu simwoni sokoni? Viazi vyake nilizoea kubeba mimi."

Tulienda naye siku hiyo hiyo. Njia ya kuingia bomani ilikuwa imeota nyasi. Kukhu alikuwa amekaa kwenye mkeka kizingitini, mguu mmoja ameunyoosha, umevimba hadi gotini. Jembe lilikuwa limemkata kifundoni na kidonda kikaoza. Mahindi yake yalikuwa yamemezwa na magugu. Mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akimchotea maji na kumpikia mrenda. Hapo zilikuwa zimepita wiki saba tangu aumie. Nikamwamkia mulembe, akaitikia, kisha akanitazama kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "nilidhani Methodisti mmefunga kanisa."

Zile ishirini hazikuwa zake. Mwanawe ni bawabu Nairobi, naye kila Ijumaa hulitumia kanisa mchango wa mama yake, jina la mama kwenye sehemu ya akaunti. Mtoto mwema kabisa. Lakini wema wake ndio uliomficha mama. Angekosa kutuma wiki mbili, ningeona pengo na kwenda kuuliza.

Nilijaribu kumlaumu mtu, nikakosa. Simu imefanya kazi yake. Mweka hazina wetu, kijana mwenye duka la kuchapisha karatasi hapa mjini, ni mwaminifu, na hesabu zake zinalingana hadi senti. Mimi ndiye niliyesahau ile ishirini iliwekwa ya nini.

Asili yake ni deni. Mnamo Februari 1742, huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa wakikuna vichwa jinsi ya kulipia jengo lao la ibada. Akasimama nahodha mmoja aitwaye Foy, akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wakamwambia wengi ni maskini, hawana hata hiyo. Akajibu kwamba apewe yeye wale kumi na mmoja walio maskini zaidi, atawapitia kila wiki, na asiye na peni atamlipia mwenyewe. Wengine wakafuata mfano wake. Sasa ikawa wale wakusanyaji wakirudi kwa Wesley na peni, wanarudi na habari pia: fulani nimemkuta amelewa, fulani nimemkuta anagombana na mkewe. Wesley akang'amua papo hapo kwamba habari zina thamani kuliko peni. Mkusanya deni akageuka kuwa mlezi wa roho, na hapo ndipo darasa lilipozaliwa. Kwa maneno mengine, pesa ilikuwa kisingizio cha kubisha hodi.

Sisi tumebaki na peni, tukatupa hodi.

Na wakati tulipoitupa ninaukumbuka. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa Julai, serikali iliruhusu watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na ikakataza watoto walio chini ya miaka 13 na watu wazima waliopita 58. Mimi nilikuwa nimeshapita. Karibu viongozi wote wa madarasa walikuwa wamepita, kwa maana kazi hii hupewa wazee. Basi tukakaa majumbani, vijana wakaendesha kanisa, na namba ya malipo ambayo hapo awali ilikuwa ya wageni na watu wa Nairobi ikawa ya kila mtu. Marufuku yaliondoka. Mazoea hayakuondoka. Miguu ya mtu mzima ikipumzika mwaka mmoja, kuiinua tena ni kazi.

Nina sababu yangu ya kulivalia njuga jambo hili. Nambale si mji wa Wamethodisti. Ukilitaja jina la Nambale kwa watu wa kanisa hufikiria Waanglikana, ambao wana dayosisi yenye jina hilo tangu 1987, na Wakatoliki wametangulia pia. Wamishenari wa Kimethodisti walianzia Ribe, kule nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, baadaye wakapanda Meru. Huku magharibi walitangulia Waquaker wa Kaimosi mwaka 1902, Church of God wa Kima mwaka 1905 na Waanglikana wa Maseno mwaka 1906. Mimi Umethodisti niliuokota njiani. Nilisomea ualimu Meru, nikafundisha kule miaka michache ya kwanza, msichana wa Kikhayo asiyejua hata kuomba chumvi kwa Kimeru. Kila Jumatano mama mmoja mwenye daftari lililojaa mikunjo alikuja kwenye chumba changu cha kupanga. Alipokea sarafu yangu, akaiandika, halafu hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, maana kiti kilikuwa kimoja, akauliza nimekula nini, nimemwandikia mama yangu barua lini, na roho yangu inaendeleaje. Siku aliyonikuta nikitetemeka kwa malaria alinibeba hadi zahanati. Sikumbuki mahubiri hata moja ya miaka ile. Mlio wa ile ndoo ukikaliwa naukumbuka.

Nimepeleka hoja yangu kwenye kikao cha viongozi: sadaka, zaka, pesa ya mabati na mafuta ya pikipiki ya mchungaji vibaki kwenye simu, lakini shilingi ishirini ya darasa irudi mkononi, ipokelewe nyumbani kwa mtu. Asiye nayo, kiongozi amtolee. Na ile karatasi ya mwezi iongezwe safu: mbali na "ametoa", iwepo "ameonwa".

Mweka hazina hakupenda. "Mama," akaniambia kwa adabu, "pesa ya mkono ina mikono mingi." Na ni kweli. Miaka ya nyuma kiongozi mmoja alikula mchango wa darasa lake kwa miezi kadhaa, tukaja kugundua wakati wa kulipia magodoro ya kongamano la vijana. Hilo lilituvunja kuliko korona. Lakini wakati ule hatukuwa na mtu wa kulinganisha daftari na watoaji, na sasa tunaye. Tena tunazungumzia shilingi 280 kwa wiki kwa darasa langu zima. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa pesa alizochanga Rais, nchi nzima ilijadili mamilioni yanavyoingia kanisani na yanavyotoka. Mimi nilijiuliza nani anajadili ishirini. Milioni huja na mikrofoni. Haiwezi kumjua mwenye kidonda Tangakona.

Pingamizi la vijana lilikuwa gumu zaidi. Msichana mmoja, ambaye nilimfundisha darasa la tatu, alisimama akasema hawataki mtu wa kuingia nyumbani kwao kuwauliza mambo ya roho, kwamba kuna kikundi cha WhatsApp cha darasa na kinatosha. Nakijua. Nimo. Mtu akiandika ana homa, zinamiminika picha kumi na tatu za mikono iliyounganishwa kuomba, halafu mtu anatuma tangazo la kuku wa kuuza. Lakini sitaki kumpuuza binti yule, maana ana haki katika jambo moja: sisi wazee tuna umbea. Wapo viongozi waliobeba waliyoyasikia Jumatano wakayamwaga Alhamisi kwenye chai ya akina mama. Mtu akichomwa hivyo mara moja, hafungui mlango tena.

Na wale ambao hawapatikani nyumbani? Hapa mpakani ndio wengi. Nilipanda matatu kumfuata yule mama wa mitumba Busia, siku ya Jumatano, nikiwa na daftari. Nilimkuta nyuma ya marobota, leso imefungwa kiunoni, shilingi za Uganda mfuko wa kushoto, za Kenya mfuko wa kulia, simu mbili kifuani, kila moja na laini yake. Mlango wa pili pikipiki zilikuwa zikipiga kelele kuwania abiria wa kuvuka, na malori yamepanga foleni. Nikakaa juu ya robota. Akanitolea ishirini kutoka mfuko wa kulia, akaomba radhi kwamba hana chai. Nikamuuliza habari za nyumbani, akajibu salama. Nikamuuliza tena kwa Kikhayo. Akaacha kukunja shati alilokuwa akikunja, akaniambia jambo ambalo sitaliandika gazetini. Ilituchukua saa nzima, wateja wawili wakaondoka bila kuhudumiwa, na hakuna aliyejali. Nauli ilinigharimu mara nyingi zaidi ya mchango wake. Ukimpa mhasibu hesabu hiyo atasema darasa lina hasara.

Kikao hakikukubali wala kukataa. Walisema tujaribu kwa darasa langu hadi mwisho wa robo mwaka, halafu sakiti iangalie. Kwa hiyo kwenye karatasi ya manila ya mwezi huu mstari wa mwisho nimeufuta na kuuandika upya: JUMATANO, MWALIMU ANAKUJA. Yule mume na mke wasiosemezana wamenitumia ujumbe, kila mmoja kwa simu yake, wakiniuliza nitakuja saa ngapi.

Wiki iliyopita nilianzia kwa Kukhu. Mguu umepona, umebaki kovu jeusi, na alinipokea shambani akiwa ameinama anachimba viazi kwa fimbo, maana jembe amelikasirikia. Nikamwambia sikuja kuchukua mchango, kwani mwanawe alishatuma Ijumaa. Hakunijibu. Akafungua pindo la leso kwa meno, akatoa sarafu ya ishirini, akaisugua kwenye gauni na kuniwekea kiganjani.

"Ile ni ya kwake," akasema. "Hii ni yangu. Andika."

Nikaandika. Mweka hazina ananiuliza hiyo ishirini ya ziada aiweke kwenye safu gani, na bado hatujaelewana.