Mnapima Mapaja, Mnaacha Maamuzi

Haya jamani, leo siandiki habari za foleni ya malori hapa Tunduma wala bei ya kwacha. Leo naandika kuhusu GEMU. Najua kuna wasomaji wangu ambao hapa hapa wanataka kuondoka, wanasema huyu kijana kaishiwa habari. Subirini kwanza. Nina hasira, na hasira yangu ina sababu.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuwa kwangu Sogea. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Ameazima PlayStation 4 ya rafiki yake, na ndani yake kuna Mass Effect Legendary Edition, lile toleo la 2021 lililokusanya gemu zote tatu za mwanzo za Mass Effect. Alikuwa anacheza ya pili. Asubuhi mzee mmoja jirani yetu alipita kuchukua jembe lake, akakaa kidogo kutazama. Mpwa wangu anafyatua risasi, watu wanaanguka kama senene. Mzee akacheka sana. "Huyo wa kushoto, mpige huyo!" Akachukua jembe, akaenda zake kwa furaha.

Mchana akarudi. Safari hii mpwa wangu alikuwa ameingia kwenye klabu iitwayo Afterlife, na wanawake wenye ngozi ya bluu wanacheza juu ya meza. Mzee akagoma kuingia. Akasimama pale pale mlangoni.

"Mwanangu, wewe ni mwandishi wa habari, unaijua dunia. Huu uchafu ndio unamfundisha mtoto wa dada yako?"

Nikasema, "Hapana mzee, karibu ukae nikueleze..." Hakungoja. Jumapili yake nikapewa habari nikiwa sokoni, eti nyumbani kwa mwandishi kunaonyeshwa picha za ngono.

Sasa niulize swali. Asubuhi wamekufa watu kama ishirini mbele ya macho ya mzee wangu, akashangilia. Mchana mwanamke wa katuni kakata kiuno, ikawa balaa. Kipi kati ya hivyo viwili ni cha kumtia mtoto hofu?

Kwa wasioijua, Mass Effect 2 ilitengenezwa na BioWare ya Kanada, ikatoka Januari 2010. Ni gemu la hadithi ya kisayansi ambalo wewe mchezaji unabeba uhusika. Unakuwa Kamanda Shepard, una chombo cha angani kinachoitwa Normandy, una kikosi, unazungumza na watu na unaamua. Ulichoamua katika gemu la kwanza la 2007 unaweza kuja nacho kwenye la pili, na la pili ukaenda nalo kwenye la tatu la 2012. Uliyemuacha afe kule hayupo huku. Hakuna cha "haikuhesabiwa".

Na mzee wangu asidhani yuko peke yake. Novemba 2007 Singapore walilipiga marufuku gemu la kwanza kwa sababu ya tukio fupi la mapenzi kati ya mwanamke binadamu na kiumbe mwenye umbo la kike. Haikuchukua muda wakabadili uamuzi, wakaliruhusu kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Januari 2008 televisheni ya Fox News ya Marekani ikaliendesha kama vile ni mkanda wa ngono, na mtaalamu aliyeitwa kulilaumu alikuwa hajalicheza. Baadaye alikiri kwamba alikosea. Huko huko Marekani gemu hilo hilo lilipewa alama ya miaka 17, na Uingereza likapewa 12! Gemu moja, nchi tatu, majibu matatu. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba hata wenzetu wenye ofisi na mihuri walikuwa wanapima ngozi tu, kila mmoja na rula yake.

Sisi nasi tumo. Mwaka 2018 BASATA waliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa maneno yake. Mwaka huo huo Kenya walizuia filamu ya Rafiki. Sisemi kwamba kila kitu kiachwe kipite. Nasema tazameni kinachotushtua. Kila mara ni mwili. Wizi haututishi, dhuluma haitutishi, ila paja likionekana tunaita kikao.

Nisieleweke vibaya. Siwatetei BioWare kwa kila kitu. Katika sehemu ya pili walitaka kuonyesha kwamba wamekua, kwamba hadithi sasa ina giza, na wapo waliodhani giza maana yake ni wachezaji wa klabu. Kuna mwanamke kwenye kikosi anaitwa Miranda. Ana akili kuliko karibu wote chomboni, anaeleza uchungu wa kutengenezwa na baba yake kama bidhaa, na kamera imekazana kumpiga makalio! Hiyo siyo hadithi ya watu wazima. Huo ni utoto wa wavulana waliopewa kamera. Na wenyewe waliona aibu, kwa sababu katika toleo la 2021 baadhi ya picha hizo walizibadili. Kwa hiyo mzee wangu, hapo tuko pamoja.

Lakini njoo nikuonyeshe maudhui ya watu wazima yalipo.

Ndani ya gemu hili kuna sayari inaitwa Aeia. Meli ilianguka huko miaka kumi iliyopita. Chakula cha sayari ile kinaharibu akili, taratibu, mpaka mtu anasahau alikuwa nani. Chakula salama cha melini kilikuwa kidogo. Basi viongozi wakakaa nacho wao, wakawaacha wafanyakazi wale kile cha kupumbaza. Watu walipokuwa mazuzu, viongozi wakagawana wanawake. Mwisho amebaki mkubwa mmoja tu, anatawala kundi la watu wasiojua hata majina yao. Na mkubwa huyo ni baba wa Jacob, kijana wa kikosi chako, ambaye amesimama pembeni yako anasikia yote.

Hakuna nguo inayovuliwa hapo. Hakuna neno chafu la kuziba. Mzee wangu angeingia wakati ule angesema, "Ah, leo mnaangalia kitu cha maana," akaendelea na safari. Lakini mimi nilimwona mpwa wangu ameshusha pedi, akaniuliza: "Mjomba, kwa hiyo aliwafanya wajinga makusudi ili asiulizwe?" Jamani! Mtoto wa kidato cha nne kaelewa jambo ambalo kuna watu wazima wanalikwepa kila uchaguzi. Hayo ndiyo ya kuwekewa alama ya miaka 17. Na ndiyo ya kukaa na mtoto pembeni mkayazungumza.

Sasa tuje kwenye uchezaji wenyewe, maana kuna ndugu zangu wapenzi wa gemu ambao nao nina ugomvi nao. Wao wanalia toka 2010 kwamba sehemu ya pili ilichunwa ngozi. Gemu la kwanza lilikuwa na begi la kubeba vitu 150, bunduki za kila namna, gari la kuzunguka kwenye sayari, na unapanda levo mpaka 60. La pili halina begi, halina lile gari, levo zinaishia 30, na bunduki ambazo zamani zilipoa zenyewe sasa zinahitaji vipoozeo unavyookota chini. Wanasema limegeuzwa gemu la kufyatua risasi tu.

Kwenye begi nawakatalia. Nani alifurahia kukaa nusu saa anapanga bunduki kumi na mbili zinazofanana kama mpanga mitumba? Kuliondoa lile begi kuliipa hadithi nafasi ya kupumua.

Kwenye vipoozeo nawaunga mkono. Kule Aeia, kwenye meli iliyoanguka miaka kumi nyuma, unaviokota vipoozeo ambavyo hadithi yenyewe inasema vimeanza kutumika juzi juzi tu! Nani aliwapelekea, dalali wa mpakani? Na badala ya gari tumepewa kazi ya kupima sayari kutoka juu, unasogeza duara polepole, ukisikia mlio unatupa kichunguzi, unapata madini. Kisha tena. Kisha tena. Sisi watu wa Songwe tuna Kimondo chetu pale Ndolezi, Mbozi, bonge la chuma na nikeli lililokuja lenyewe kutoka angani. Ukishalisimamia lile na kulishika kwa mkono, huwezi kukubali kwamba kutafuta madini ya angani ni kusogeza duara mpaka usingizi ukupate.

Lakini kosa kubwa halizungumzwi, na ndilo linalonirudisha kwenye hoja yangu. Katika gemu la kwanza, ukitaka kuwa mtu wa kushawishi, ulijifunza kushawishi. Uliweka pointi zako hapo kama unavyoziweka kwenye bunduki. Katika la pili wakaliondoa hilo. Sasa ushawishi wako unategemea alama za wema au za ukali ulizokusanya. Wawili wa kikosi chako wakigombana, ili uwapatanishe bila kumpoteza mmoja unahitaji uwe umekuwa mwema karibu kila mara, au mkali karibu kila mara. Yule anayepima kila jambo kwa uzito wake, hapa anasamehe, pale anabana, anafika kwenye ugomvi na jibu linalofaa limezimwa. Hawezi kulichagua.

Hebu nambieni, mtu mzima ni yupi? Ni yule anayeamua kwa kuangalia jambo lililo mbele yake, au yule aliyechagua upande siku ya kwanza na sasa anajaza kadi ya upande wake? Gemu linalojiita la watu wazima linamlipa shabiki wa timu na kumwadhibu mwenye kufikiri. Hilo kwangu ni baya kuliko wachezaji wote wa Afterlife. Na wale waliopiga kelele kuhusu ngono hawakuliona, kwa sababu ili ulione lazima ukae ulicheze.

Pamoja na hayo, kuna mahali pamoja gemu hili lilikuwa jasiri. Kuelekea mwisho maadui wanawateka karibu wafanyakazi wote wa chombo chako. Gemu halikuwekei saa. Halikwambii kimbia. Ramani iko wazi na kazi nyingine zinakungoja, kama kila gemu ulilowahi kucheza. Ukiwafuata moja kwa moja unawakuta hai. Ukipitia kwanza kazi nyingine, unakuta wengine wameshayeyushwa. Ukizidi kuchelewa anabaki mmoja tu, yule daktari mwanamama. Na katika vita vya mwisho, wa kikosi chako wanaweza kufa kwa sababu hukuimarisha chombo, au kwa sababu ulimpa kazi asiyeiweza. Wakibaki chini ya wawili, hata Shepard mwenyewe anakufa, na huyo huwezi kwenda naye sehemu ya tatu.

Mpwa wangu alichelewa. Alikwenda kumalizia kazi nne za pembeni kwanza, kwa sababu gemu zimemfundisha kwamba dunia inamsubiri yeye. Jumapili usiku akafika. Akamkuta daktari peke yake.

Akanyamaza. Halafu akataka kurudi kwenye sehemu aliyosevu kabla. Nikamwambia ni haki yako, gemu ni lako. Akakaa na pedi mkononi muda mrefu. Akasema, "Lakini mjomba, hawakuniambia niwahi."

Nikamuuliza, "Watu wako walikuwa wametekwa. Ulitaka uambiwe na nani?"

Hakurudi nyuma. Aliendelea hivyo hivyo, na chombo kitupu.

Hicho ndicho nilichokuwa namfundisha mtoto wa dada yangu, mzee wangu. Ndicho ulichokiita uchafu. Kesho huyu kijana atakuwa askari hapa mpakani, au muuguzi, au mhasibu wa halmashauri, na kutakuwa na siku ambayo hakuna atakayemwekea saa wala kumwambia wahi. Naona heri achelewe kwanza kwenye runinga yangu.

Wazazi wenzangu, walezi, msiogope kukaa kwenye kiti. Pita vibanda vya gemu vya mji huu jioni yoyote uone watoto walivyojaa, na utafute mtu mzima mmoja aliyekaa pembeni anauliza swali. Alama ya umri iliyoko kwenye kasha isomeni, ina maana yake, aliye chini ya hapo asubiri. Lakini alama haiwezi kumuuliza mtoto, "Umeamua nini hapo, na kwa nini?" Hiyo ni kazi yako. Ukimwacha na gemu lisilo na paja hata moja, huku anaua watu mia na hakuna anayemuuliza, usije ukajisifu kwamba umelea.

Na mzee wangu jirani, najua hutasoma hapa, lakini mwanao husoma. Akufikishie salamu zangu. Jumamosi hii mpwa wangu anaanza sehemu ya tatu. Shikamoo mzee, karibu sana. Kiti kipo, chai ipo. Safari hii usisimame mlangoni.

Naomba kuwasilisha.