"Mitambo Ishajaribiwa": Kiasi Gani, na Nani Kasema Inatosha?

Wasee, tuongee. 10 Agosti 2027 tunapiga kura, na wengi wenu mnaosoma hapa itakuwa mara yenu ya kwanza. Kabla ya hapo mtaambiwa: "Mitambo ishajaribiwa, iko sawa." Usipige makofi bado.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kompyuta. Lakini haya yalitokea mbele ya kila mtu.

4 Machi 2013: laptopu za kutambua wapiga kura zikazima chaji kwenye madarasa yasiyo na stima. Kwenye skrini, kura zilizokataliwa zikapita 300,000. Baadaye IEBC wenyewe wakasema programu ilikuwa inazizidisha mara nane! Hesabu ya mwisho ikawa takriban 108,000. Kosa kama hilo unalinasa ukijumlisha karatasi kwa mkono na kulinganisha na skrini, mradi ujaribu kwa mzigo kama wa siku yenyewe.

2017, siku chache kabla ya kura, tume ikatwambia vituo zaidi ya 11,000 kati ya 40,883 havina 3G wala 4G.

2022 wakajaribu kutuma matokeo Juni, wakarudia Julai. Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 tukazifungua wenyewe kwa simu. Hapo heko kwao, kwa kweli. Lakini siku hiyo hiyo vifaa vya KIEMS viligoma Kibwezi Magharibi na sehemu za Kakamega, ikabidi daftari la karatasi.

Najua kuna mtu atasema: hakuna programu isiyo na kosa, utajaribu mpaka lini? Ni kweli. Edsger Dijkstra, bingwa wa kompyuta kutoka Uholanzi, alishasema kitambo kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kosa lipo, hayawezi kuthibitisha halipo. Ndiyo maana "inatosha" isiamuliwe na kalenda, wala na mtu aliyechoka.

Iandikwe kabla ya jaribio la kwanza, na sisi tuione:

1. Vituo vingapi vitajaribiwa, na wapi. Siyo ukumbi wenye AC Nairobi pekee. Njooni huku Mackinnon Road: jua la Taru, netiweki ya mstari mmoja, vidole vya mama vilivyosuguliwa na jembe.
2. Kosa gani likitokea, kila kitu kinasimama mpaka lirekebishwe na kujaribiwa upya.
3. Makosa mapya yakizidi kutokea kila jaribio, bado. Yakikauka, tunaanza kuongea.
4. Njia mbadala nayo ijaribiwe. Daftari la karatasi lisiwe la kutafutwa saa tatu asubuhi foleni ishafika barabarani.

Ukikosa pesa kwa simu utapiga huduma kwa wateja. Ukikosa kura utampigia nani?

Basi mkiambiwa "ishajaribiwa", ulizeni: wapi, mara ngapi, na ilifeli wapi? Wakisema haikufeli popote, ujue hawajajaribu vya kutosha.