Daftari la Wiki: Picha Zilizonikaa Moyoni Mwaka Huu

JUMATATU. Desemba imeingia na vijana wa mtaani kwetu Engutoto wameanza swali lao la kila mwaka: muvi gani imekukuna? Huwa sihesabu kwa tarehe filamu ilipotoka. Filamu za kwetu hufika Arusha kwa kuchelewa, nyingine hazifiki kabisa, kwa hiyo nahesabu nilizoziona mimi mwaka huu, hata kama dunia imeshazisahau.

Ya kwanza haina mshindani. Ni filamu ya hali halisi, "The Empty Grave", ya Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani na Mtanzania Cece Mlay, iliyooneshwa kwenye tamasha la Berlin Februari 2024. Inafuata familia mbili zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa na Wajerumani. Moja iko Songea, kizazi cha Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Nyingine iko hapa hapa, chini ya mlima tunaouona kila asubuhi tukifungua dirisha: familia ya Kaaya, inayomtafuta Mangi Lobulu wa Meru.

Niliitazama na jirani yangu, mzee wa Kimeru mwenye asili ya Akheri. Nilimwendea jioni nikamwambia, "Shikamoo mzee, kuna picha nataka tuione pamoja." Alikaa wima tangu mwanzo. Jina la Lobulu lilipotajwa alivua kofia, akaiweka gotini. Nikauliza kama nisimamishe kidogo. "Acha iendelee, mwanangu," akasema. "Jina hilo nimelisikia kwa babu tu. Sikujua kama kuna siku litatoka kwenye runinga."

Akheri ndiko walikouawa wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, Oktoba 1896. Kapteni wa Kijerumani, Kurt Johannes, akaja kulipiza: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Machi 1900 viongozi wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha walinyongwa Moshi, wakiwamo Mangi Meli na Mangi Lobulu. Mafuvu na mifupa ya watu wetu ilisafirishwa kwenda Berlin, ambako wasomi kama Felix von Luschan waliikusanya kwa maelfu ili kupima eti tofauti za mbari. Von Luschan alipofariki mwaka 1924, mkusanyiko wake binafsi uliuzwa kwa jumba la makumbusho la New York. Mifupa ya binadamu, ikauzwa kama samani za marehemu.

Ninachokipenda zaidi ni mahali kamera inaposimama. Inakaa na familia. Maprofesa wapo, mabalozi wapo, hata Rais Steinmeier wa Ujerumani anaonekana akiomba radhi Songea, Novemba 2023, lakini macho ya filamu yanarudi kwa mjukuu na kitukuu, kwenye migomba, kwenye kaburi ambalo ndani yake hakuna mtu. Mzee wangu aliondoka bila kunywa chai.

JUMANNE. Umeme ulikatika saa moja usiku ukarudi saa tano. Hakuna picha.

JUMATANO. Nimeirudia "Hatari!" ya Howard Hawks, ya mwaka 1962, yenye John Wayne na Elsa Martinelli. Kila mwenyeji wa Arusha aione walau mara moja, kwa sababu Momella, mteremkoni mwa Mlima Meru, imo, vumbi letu limo, na mwishoni vitoto vya tembo vinakimbia mjini kwetu kumfuata dada wa watu. Hardy Krüger, Mjerumani aliyeigiza humo, alipapenda mno Momella akanunua shamba na kuishi huko kwa miaka.

Naipenda picha hiyo na inaniuma. Tazama nani anaongea. Watu wetu wanashika kamba, wanaendesha magari, wanabeba vizimba, sentensi wamenyimwa. Na mteremko huo wa mlima ulikuwa na habari nzito kuliko kukamata vifaru. Novemba 1951, miaka tisa tu kabla ya Hawks kufika na kamera zake, Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngare Nanyuki na maeneo jirani ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea ardhi hiyo. Kijana wa Kimeru amesimama mbele ya mataifa, nyuma yake mlima mzima unasubiri jibu! Nani ataitengeneza filamu hiyo? Nawaomba wanafunzi wa filamu wa mji huu wasiende mbali kutafuta hadithi.

ALHAMISI. "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotoka 2021, nimeiona kwa mara ya tatu. Ni riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyogeuzwa picha: Yasmin, aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa, na Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya hamsini. Waliosoma kitabu watalalamika kwamba mengi yamepunguzwa, na ni kweli. Lakini sikiliza Kiswahili chake. Siti Amina, anayeigiza Mwajuma, anapoimba, ukumbi mzima unatulia. Mwaka 2022 filamu hii ilipelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar, ya pili tu baada ya "Maangamizi" ya mwaka 2001.

IJUMAA. "Supa Modo" ya Likarion Wainaina, Kenya, 2018. Binti mgonjwa anayejua siku zake ni chache, na kijiji kizima kinachoamua kumtengenezea filamu ili awe shujaa. Humo kuna kibanda cha video na kijana anayetafsiri muvi za kigeni kwa mdomo, nami nikamkumbuka Lufufu, aliyetusimulia sinema za Wachina na Wamarekani kwa sauti moja tu. Wengi wetu tulijifunza kupenda picha kwenye vibanda umiza vya namna hiyo, juu ya benchi, magoti yakigusana. Nililia, na sitaki kueleza ni wapi.

JUMAPILI. Narudi kwa ile ya kwanza. Haifai "The Empty Grave" ijulikane Berlin kuliko Akheri. Mwenye ukumbi wa shule au wa kanisa, mwenye projekta na jenereta, kuanzia Usa River hadi Poli na Ngare Nanyuki: waandikieni watengenezaji, ombeni ruhusa, tangazeni jioni moja tu. Viti vya mbele wapeni wazee. Mzee wangu wa Akheri ameshaniambia atakuja kuiona tena, na safari hii anataka wajukuu wake wakae pembeni yake.