Gitaa linauma vidole? Kagua daraja kwanza!

Wiki iliyopita sikuwepo mjini. Nilikwenda zangu kumsalimia shangazi kule Nyaishozi, Karagwe, nikijua kazi itakuwa kula ndizi na kulala. Wapi! Siku ya pili tu nikakutana na kasheshe ya gitaa.

Binamu yangu kamaliza kidato cha nne, na kama wengi wetu tuliopitia huko, yupo yupo tu. Ila mkono anao. Gitaa kalichonga mwenyewe: shingo ya mti wa mgrivelia, boksi la plaiwudi, freti (vile vyuma vinavyolala shingoni) ni spoku za baiskeli, na nyuzi kazichambua kwenye waya wa breki. Ukiliona unasema lile! Sasa mwambie apige.

Akanionyesha vidole, vimechanika. Mwalimu wa kwaya alishamtolea hukumu mbele ya wenzake kuwa hana kipaji, aimbe besi tu. Na kuna jamaa wa Kayanga alishafika bei, shilingi 15,000, akalitundike saluni kwake kama pambo.

"Kaka, Jumamosi analifuata," ananiambia huku anaangalia pembeni.

Nikabana uzi mmoja. Mama yangu! Kama kushika seng'enge. Nikaomba rula ya mdogo wake. Kwenye freti ya 12, ambayo ndiyo katikati ya uzi, uzi mnene umekaa milimita 6 juu ya chuma. Magitaa ya dukani ya nyuzi za chuma hapo huwa na 2 hadi 3. Kipaji gani kitaruka ukuta huo?

Kisa chenyewe, aliyemfundisha kuchonga ni mzee wa enanga. Kwa nyie watoto wa mjini msioijua, enanga nyuzi zake hupigwa wazi, hakuna kubana kwenye shingo kwa sababu shingo yenyewe haina. Kwa mzee, uzi ukikaa juu ndiyo unapumua. Kwa enanga yake yuko sahihi kabisa.

Tukaanza na shingo. Unabana uzi freti ya kwanza na ya mwisho, unachungulia katikati. Ukiona mwanya mkubwa, shingo imepinda, usihangaike na daraja bado. Yake ilikuwa safi, maana mti aliukausha miezi juu ya jiko. Kisha kile kijiti cha juu chenye mifereji: bana freti ya 3, tazama ya 1, uzi ubakize nafasi ya karatasi tu. Tukaichimba mifereji taratibu kwa tupa ndogo. Hapo hapo kodi ya F (siyo ile ya TRA) ikaanza kubanika.

Sasa daraja, na hapa ndipo nilipochemsha. Kwa kuwa freti ya 12 iko katikati, ukitaka kushusha milimita 1 pale, unapunguza 2 darajani. Tulihitaji kupunguza 4. Mimi kwa sifa za mtu wa mjini nikasugua kile kijiti cha darajani kama nasugua sufuria, rula nimeikalia. Tulipokaza nyuzi, gitaa likalia kama nyuki kwenye kopo! Ilikuwa Ijumaa jioni. Binamu hakunilaumu. Alikaa kwenye kigoda anaangalia migomba, na mimi nikatamani anitukane.

Kilichotuokoa ni kadi ya laini ya simu, ile plastiki inayobaki ukishang'oa laini yenyewe. Unene wake haufiki milimita 1. Tukakata vipande viwili, tukavilaza chini ya kijiti. Nyuki wakapungua. Tukaongeza cha tatu, wakaisha, isipokuwa mmoja king'ang'anizi kwenye freti ya 5. Tukamwacha.

Jumamosi jamaa wa saluni akaja, hela mkononi. Akamkuta binamu chini ya mparachichi anabadilisha kodi bila kukunja uso. Jamaa akasikiliza weee, mwisho akauliza kama 20,000 zitatosha.

"Ngoja kwanza, kaka, nakuja," binamu akajibu, na hakuacha kupiga.

Ikabidi shangazi amkaribishe mgeni ndani, ale.