KAZI YA MIKONO: Telefone kiunoni, kwa kishikizo kinachozunguka

Wiki hii tunashona mfuko wa telefone wa kuvaa kiunoni, wenye kishikizo kinachozunguka.

Mama wa Bunia anaweka telefone wapi? Mmoja ndani ya sidiria, ambako jasho linaiharibu. Mwingine kwenye fundo la kikwembe, na fundo linalegea juu ya moto. Mwingine ndani ya kikapu, juu ya sombe, na sokoni mikono ni mingi. Tena telefone si ya kuongelea tu. Kwa mama anayetunza feza za likelemba, M-Pesa ao Airtel Money ya kikundi iko humo. Kwa mama aliyekimbia kutoka Djugu na sasa anaishi Kigonze, namba za ndugu zake ziko humo, na pengine hakuziandika mahali pengine. Ikianguka njiani, haanguki na kifaa tu.

Sokoni kuna vishikizo vya plastiki vya bei ndogo. Kwa nini havidumu? Tazama pale ambapo mfuko unaungana na kishikizo: kuna shingo nyembamba kama kidole cha mtoto, na uzito wote unavuta hapo. Telefone ya Motorola StarTAC ya mwaka 1996 haikufika gramu 100, na ilikaa kiunoni bila shida. Telefone za leo zenye kioo kikubwa zinakaribia gramu 200, na ni ndefu zaidi. Kadiri kitu kinavyokuwa kirefu, ndivyo kinavyosukuma shingo kwa nguvu. Ni kama mlango: ukiusukuma karibu na bawaba ni mgumu, ukiusukuma mbali na bawaba ni mwepesi.

Hapo ndipo faida ya kuzunguka inaonekana. Ukikaa ao ukiinama kulima, paja linasukuma telefone upande wa chini. Kishikizo kikiweza kuzunguka, telefone inalala upande na hakuna kinachoumia. Kisipozunguka, kitu kimoja lazima kishindwe: shingo, mkanda, ao tumbo lako. Mama anayekaa na kusimama mara 20 kwa siku, kwa mwaka amefanya hivyo mara 7.300. Plastiki inayokunjwa mara zote hizo inaweza kupasuka. Kwa hiyo shingo yetu itakuwa ya chuma, na mwili utakuwa wa ngozi.

Vitu vya kutafuta: ngozi ya mkoba wa zamani ao kitambaa kigumu cha jeans, kipande cha ngozi ngumu kutoka kwa fundi wa viatu, msumari mmoja laini wenye kichwa kipana, rondela mbili, kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, uzi wa nailoni, gundi ya kubandikia mipira, na jalada la daftari lililokwisha.

Namna ya kufanya:

1. Kata ngozi ya mfuko kwa kufuata telefone yako, ukiongeza sentimita 1 na nusu kila upande. Acha kifuniko kirefu cha kufunga juu. Usishone bado.

2. Kata utepe wa ngozi wa sentimita 16 kwa 4. Ukunje katikati. Pima sentimita 4 kutoka kwenye kunjo, ushone hapo mistari miwili. Mkanda utapita ndani ya tundu hilo la juu. Hatuweki kibanio cha kufunguka, sababu kinachofunguka kwa urahisi kinafunguka pia kwa mwizi.

3. Weka ngozi ngumu nyuma ya mfuko. Toboa tundu katikati, sentimita 4 kutoka juu. Tukitoboa juu namna hiyo, uzito wa telefone wenyewe utairudisha isimame wima.

4. Vusha rondela kwenye msumari, kisha upitishe kutoka ndani ya mfuko kwenda nje. Vusha kipande cha jalada la daftari, kisha sehemu ya chini ya utepe, kisha rondela ya pili. Kata msumari, ukiacha utokeze kidogo tu, kama unene wake mara moja na nusu.

5. Weka kichwa cha msumari juu ya chuma. Gonga ncha polepole kwa nyundo mpaka ipanuke kama uyoga juu ya rondela. Kisha chana lile jalada na kulitoa lote. Nafasi ndogo linayoacha ndiyo inayoruhusu mfuko kuzunguka. Bila jalada, nyundo itabana kila kitu na hakitazunguka tena.

6. Piga tupa ncha isikwaruze nguo. Ndani ya mfuko, bandika mpira juu ya kichwa cha msumari ili usikwaruze telefone. Sasa shona pande za mfuko, mistari miwili, na uweke kifungo.

Kabla ya kutia telefone, jaribu. Chupa ya lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, yaani zaidi ya telefone tano. Itundike kwenye mfuko, uzungushe mara 100. Uzi ukilegea ao tundu likipanuka, tengeneza upya.

Kwa kuvaa, asiye na mkanda ashone wa jeans wa sentimita 3, aufunge chini ya kikwembe cha juu. Ukibeba mtoto mgongoni, miguu yake inashika mbavu zako, basi mfuko ukae mbele. Juu ya moto pia, mbele, pale mkono wako unapoufikia.

Mfuko huu unazuia kuanguka na mikono ya kunyapa. Hauzuii silaha. Ukisimamishwa na mtu mwenye silaha, toa telefone, uhai hauna duka. Ndiyo maana leo jioni, kabla ya kushona, bonyeza *#06#, uandike kwenye daftari namba 15 zitakazotokea, pamoja na namba za watu wako wa lazima.

Kwa vikundi: nyundo moja na tupa moja vinatosha wamama kumi. Mmoja akate, mmoja agonge, wengine washone. Mfuko wa kwanza mpeni mama anayetunza sanduku la feza.

Kazi njema, na Mungu awalinde njiani.